Maduka Chini, Maskani Juu: Majengo ya Mijini Mbele ya Zilizala

Tangu zama za kale mwanadamu amependa kuishi karibu na riziki yake, na katika miji ya leo mapenzi hayo yamezaa jengo ambalo kila mkazi wa mjini analifahamu: chini maduka, juu ya maduka ofisi, na juu ya ofisi maskani ya watu na watoto wao. Fadhila za jengo la namna hiyo ni dhahiri. Kiwanja kimoja hufanya kazi ya viwanja vitatu. Bomba moja la maji na njia moja ya umeme huwatosha watu wengi. Na mtu ambaye soko lake, ofisi yake na duka lake la dawa viko umbali wa ngazi chache hana haja ya kuchoma petroli kila asubuhi kwenda kuitafuta riziki upande wa pili wa mji. Wataalamu wanaotafuta njia ya kupunguza israfu ya mafuta, saruji na ardhi wamelisifu jengo hili, nami naafikiana nao. Lakini sifa hiyo ina sharti lake, nalo ni kuwa jengo lidumu. Na katika nchi ambazo ardhi yake hutikisika, kudumu kwake huamuliwa mahali ambapo mnunuzi wa nyumba ya juu aghalabu hapatazami hata kidogo, yaani katika ghorofa ya chini.

Duka lina matakwa yake. Hutaka mlango mpana, kioo kirefu kutoka pembe hadi pembe, dari ya juu ili bidhaa zipangwe kwa wingi, na nafasi isiyokatwa katikati kwa kuta wala kwa nguzo nyingi. Maskani nayo yana yake: vyumba vidogo vidogo, kila kimoja na kuta zake nne. Mjenzi akiyatii matakwa yote mawili bighairi ya hesabu, hupata jengo ambalo ghorofa zake za juu ni ngumu na nzito, zimejaa kuta za matofali, nazo zote zimekalia ghorofa moja ndefu na tupu inayotegemea nguzo chache nyembamba. Maadamu ardhi imetulia, mzigo hushuka wima na nguzo hizo huuhimili. Zilizala ikija, huivuta ardhi kwa ubavu, huku na huko, mara nyingi katika dakika moja, na uzito wa juu, ambao kwa tabia yake hupenda kubaki pale ulipokuwa, huachwa nyuma na miguu yake. Hapo jengo huwa kama hamali aliyejitwika gunia zito ilhali magoti yamemlegea: gunia halina kosa, shingo haina kosa, lakini magoti yakipinda vyote huanguka pamoja. Mpindo ambao ungegawanywa katika ghorofa sita au saba hukusanyika katika ghorofa moja, na nguzo ambazo zingeweza kuivumilia sehemu yao ya taabu hutakiwa kuivumilia taabu yote.

Ghorofa ya chini ya namna hii wahandisi huiita ghorofa laini, na maafa yake yanajulikana katika miji mingi. Tarehe 17 Oktoba 1989, saa kumi na moja na dakika nne jioni, tetemeko lenye ukubwa wa 6.9 lililotoka katika milima ya Santa Cruz liliufikia mji wa San Francisco, huko California, na katika mtaa wa Marina, uliojengwa juu ya ardhi ya kujazia, nyumba za mbao zenye gereji chini na maskani juu zililala ubavu na kuzikandamiza gereji zake. Mji ule ni tajiri, una vyuo na mabingwa wa elimu hii, na hata hivyo ilipita miaka 24 ndipo ukapitisha, mwaka 2013, sharia ya kuwalazimisha wenye nyumba za mbao za ghorofa tatu na zaidi, zenye maskani matano na zaidi, zilizojengwa kabla ya mwaka 1978, waziimarishe ghorofa zao za chini. Miaka 24 ni muda mrefu wa kuijua hatari na kulala juu yake.

Lakini ibra kubwa ya zama zetu ni ya Uturuki. Tarehe 6 Februari 2023, saa kumi na dakika 17 alfajiri, watu wakiwa usingizini na baridi ya kipupwe ikiwa kali, zilizala yenye ukubwa wa 7.8 iliipasua ardhi ya kusini mashariki mwa nchi ile, na siku ile ile, saa saba na dakika 24 mchana, wakati waliosalimika wakifukua vifusi kwa mikono yao, ikafuata nyingine yenye ukubwa wa 7.5. Katika Uturuki peke yake walikufa watu zaidi ya 50,000, na katika Syria jirani walikufa maelfu wengine. Antakya, mji wenye historia ya zaidi ya miaka elfu mbili, ulibaki magofu. Wengi wa waliokufa walikuwa wakazi wa majengo yale yale ninayoyazungumza, ya ghorofa tano, nane au kumi, yenye duka la mikate, duka la simu au benki katika ngazi ya barabara. Alfajiri ile maduka yalikuwa yamefungwa. Faida ya kioo kipana na ukumbi usio na nguzo ilikuwa ya mwenye duka na mwenye jengo. Walioilipia ni wale waliolala juu yake.

Wala Uturuki haikuwa nchi isiyo na sharia. Baada ya zilizala ya Izmit ya tarehe 17 Agosti 1999, iliyoua watu zaidi ya 17,000, kanuni za ujenzi zilitiliwa mkazo, zikaandikwa upya mwaka 2007, na nyingine mpya zikaanza kutumika mwaka 2019, nazo si dhaifu kuliko za mataifa yaliyoendelea. Kilichopungua ni uaminifu wa kuzitekeleza. Zege lilichanganywa kwa mchanga usiosafishwa. Ringi za nondo ndani ya nguzo ziliwekwa mbali mbali na ncha zake hazikukunjwa ndani. Ghorofa ziliongezwa juu ya zile zilizoidhinishwa. Na, jambo ambalo huniumiza kuliko yote, wako wenye maduka waliokata nguzo za jengo ili kupanua ukumbi wa biashara, wakazikata usiku au mchana mbele ya majirani, na jengo, kwa kuwa halikuanguka siku ile, likahesabiwa kuwa zima. Fauka ya hayo, mwaka 2018 serikali ilitoa msamaha wa ujenzi, ambao kwao mamilioni ya majengo na sehemu za majengo zilizokiuka kanuni zilipata hati kwa kulipa ada, na dhamana ya kustahimili matetemeko ikaachwa mikononi mwa mwenye mali. Hati iliweza kununuliwa. Nguvu ya nguzo haikuweza.

Insafu yanitaka niseme pia kwamba katika baadhi ya mahali mtikiso wa siku ile ulipita kiasi ambacho kanuni zenyewe ziliwatazamia wajenzi, na kwamba majengo mapya nayo yaliteketea: katika Antakya jumba la ghorofa 12 lililokamilishwa kama miaka kumi tu kabla, likauzwa kwa watu wenye uwezo kuwa maskani ya fahari, lilipinduka zima zima na kuua mamia ya wakazi wake. Ujana wa jengo na ukubwa wa bei yake si shahidi wa usalama.

Basi ni nini dawa ya ghorofa laini? Sehemu kubwa yake ni ustadi wa kawaida uliofanywa kwa uangalifu, wala si miujiza. Kuta za zege zenye nondo, zinazozunguka ngazi na lifti, ziteremke moja kwa moja kutoka paa hadi msingi pasipo kukatizwa kwa ajili ya duka lolote. Nguzo ziwe na nguvu kuliko boriti zinazobebwa nazo, ili ikibidi kitu kipinde, ipinde boriti moja katika chumba kimoja badala ya nguzo inayobeba roho za watu wote wa juu. Ringi ziwe karibu karibu penye vichwa na nyayo za nguzo, na kila ringi ikunjwe ncha zake kuelekea ndani ya moyo wa zege, kwa maana ringi iliyokunjwa kwa pembe mraba tu hufunguka zege la nje linapobanduka, na nondo za wima, zikikosa kinachozifunga, hupinda na kutoka nje. Haya yote yanafanywa na fundi mwenye koleo la kukunjia, kabla zege halijamwagwa, siku ambayo mnunuzi wa nyumba hajaonekana bado. Na likishamwagwa, hakuna jicho litakaloona tena kama yalifanywa au hayakufanywa. Gharama yake ni haba ikilinganishwa na marumaru ya ukumbini, ambayo kila mtu huiona na kuisifu.

Walioipanga elimu hii ya nguzo na boriti kwa utaratibu ni pamoja na wahandisi wawili wa Chuo Kikuu cha Canterbury, katika mji wa Christchurch, New Zealand, Robert Park na Thomas Paulay, ambao kitabu chao cha mwaka 1975 kilisomwa na wahandisi wa dunia nzima. Na ni mji wao huo huo uliokuja kuonyesha, ulipopigwa na zilizala tarehe 22 Februari 2011, ukomo wa elimu hiyo. Walikufa watu 185, na 115 kati yao walikufa katika jengo moja la ofisi ambalo usanifu wake ulikuja kuonekana kuwa na kasoro kubwa. Majengo mengine mengi ya kisasa yalifanya kama yalivyofunzwa: yalipinda, yakapasuka mahali palipokusudiwa yapasuke, na watu wakateremka ngazi wakiwa hai. Lakini wenye majengo waliporudi na hesabu zao, waliona kuwa kuyatengeneza ni ghali kuliko kuyabomoa, na katikati ya mji majengo zaidi ya elfu moja yakavunjwa. Sharia iliyaokoa maisha. Mji wenyewe haikuuokoa.

Hapa ndipo habari ya zilizala na habari ya kuhifadhi mazingira zinapokutana, nami nastaajabu kuona jinsi zinavyofundishwa mbali mbali, kana kwamba mhandisi wa nguzo na msanifu wa nyumba ya kijani wanajengea dunia mbili. Utengenezaji wa saruji peke yake hutoa kadiri ya sehemu nane katika mia ya hewa ya kaboni ambayo wanadamu huitia angani. Kila mfuko uliomwagwa katika jengo ni deni lililokwisha kukopwa kwa hewa ya watoto wetu, na deni hilo hulipika kwa njia moja, nayo ni jengo kutumika miaka mingi. Jengo likibomolewa baada ya miaka 20, deni huachwa palepale na jingine kukopwa juu yake. Lau jengo lingekuwa na paa lililojaa mitambo ya umeme wa jua, na matangi ya kukinga mvua, na cheti cha fahari ukutani, kisha likawa haliwezi kuvuka tetemeko moja bila ya kugeuka kifusi, basi sioni kwa haki gani liitwe la kuhifadhi mazingira.

New Zealand ndiyo iliyotoa pia mojawapo ya majibu yaliyo bora. Mwanasayansi Bill Robinson alibuni huko, katika miaka ya 1970, kiungo cha matabaka ya mpira na chuma chenye kiini cha risasi katikati, kinachowekwa kati ya jengo na msingi wake: ardhi ikisogea, mpira hunyumbulika, risasi huila nguvu ya msukosuko na kuigeuza joto, na jengo lililo juu husogea polepole kwa upole. Jengo la William Clayton, mjini Wellington, lililokamilika mwaka 1981, lilikuwa la kwanza duniani kuwekwa juu ya viungo hivyo. Uturuki yenyewe imekwisha kuamuru viungo vya kulitenga jengo na msingi wake katika hospitali kubwa mpya za maeneo ya hatari, na mwaka 2023 hospitali zilizokuwa navyo ziliendelea kuwapokea majeruhi wakati majengo ya jirani yakiwa chini.

Mfano ambao hunivutia zaidi, hata hivyo, ni wa Japani, taifa ambalo kwa sababu ya msiba wa zilizala wa tarehe 1 Septemba 1923, uliowaangamiza watu zaidi ya 100,000 katika Tokyo na Yokohama, liliingiza nguvu ya zilizala katika sharia za ujenzi mwaka uliofuata. Mjini Tokyo uko mtaa wa Roppongi Hills, uliofunguliwa mwaka 2003, ambamo mnara wa ghorofa 54 umezungukwa na maduka, maskani, hoteli, sinema na bustani, na mnara huo umetiwa ndani yake vizuizi vya mafuta vinavyotuliza mtikiso. Chini ya ardhi mna mtambo wa umeme unaotumia gesi, na joto lake, ambalo kwingineko hupotea bure, hutumika kuyapasha moto na kuyapoza majengo ya mtaa mzima. Mtambo huo ulijengwa kwa ajili ya kubana matumizi. Ilipokuja zilizala ya tarehe 11 Machi 2011, yenye ukubwa wa 9.0, na Tokyo ikapungukiwa umeme kwa kusimama kwa vinu vya Fukushima, mtaa huo haukupata giza. Bali ulikuwa na ziada, na tangu tarehe 18 ya mwezi ule uliipa kampuni ya umeme ya mji kilowati 4,000 mchana na 3,000 usiku. Jengo lililokusudiwa kutotumia sana likawa, siku ya dhiki, jengo la kusaidia wengine. Walioujenga mtaa huo walikusudia uwe mahali ambapo watu watakimbilia na si mahali pa kukimbiwa, na kwa maoni yangu hakuna kipimo kizuri kuliko hicho cha kulipimia jengo la mjini, liwe la tajiri au la maskini.

Haya ni ya mbali, atasema msomaji, na kweli Bonde la Ufa la Afrika Mashariki si Japani. Lakini si ardhi iliyolala. Tarehe 13 Desemba 1910 eneo la Rukwa lilipatwa na zilizala ya zaidi ya 7, wakati ambapo hapakuwa na maghorofa ya kuanguka. Mwezi Julai 2007 mitetemo ya karibu na Ziwa Natron iliwatoa wafanyakazi wa Nairobi maofisini mwao, na usiku wa tarehe 12 Agosti 2020 tetemeko la baharini kusini mashariki mwa Dar es Salaam liliwateremsha watu katika maghorofa yao. Baina ya hayo, tarehe 10 Septemba 2016, saa tisa na dakika 27 alasiri, mkoa wa Kagera, kaskazini magharibi mwa Tanzania, ulitikiswa kwa ukubwa wa 5.9, watu zaidi ya 15 walikufa, maelfu ya nyumba yaliharibika, na shule za Ihungo na Nyakato zikafungwa. Nguvu ya tetemeko lile haikufika sehemu moja katika mia tano ya lile la Uturuki. Lililoziangusha nyumba za Bukoba, mji mkuu wa mkoa huo, ni kuta za mawe na matofali zisizofungwa kwa mkanda wa zege, na maisha yaliyookoka yalikuwa mengi kwa kuwa mji ule haukuwa bado na maghorofa mengi. Leo kila mji wa ukanda ule, tangu Bukoba hadi Kigali, Bujumbura na Bukavu, unapanda juu kwa haraka, na unapanda kwa sura ile ile: maduka chini, maskani juu.

Kwetu sisi hakuna haja ya kuanza na viungo vya mpira na risasi. Tuanze na uzito, kwa sababu nguvu ya zilizala juu ya jengo hukua kwa kadiri ya uzani wake. Katika zilizala ya Kobe, huko Japani, mwaka 1995, wengi wa waliokufa walikandamizwa na nyumba za mbao za zamani zilizobebeshwa vigae vizito vya udongo. Kila tofali zito lisilo na kazi, kila tabaka la zege lililozidishwa sakafuni kwa kukosa hesabu, ni hasara mara mbili: limekula saruji lilipojengwa, na litaongeza kishindo siku ya mtikiso. Kadhalika kuta za kukaza jengo zaweza kufanywa zile zinazotenganisha duka na duka, na zikatokezwa nje kidogo zikawa kivuli cha baraza, badala ya kuvika uso mzima wa jengo kioo kinachohitaji mashine za kupoza hewa mchana kutwa chini ya jua letu. Majivu ya volkeno ya nyanda za Mbeya na ya Rwanda yaweza kuchukua nafasi ya sehemu ya saruji, nayo yanatumika tayari. Mambo haya hayataki elimu mpya. Yanataka msanifu na mhandisi waketi meza moja kabla ya kiwanja kupimwa.

Kenya iliandika kanuni za ujenzi mintarafu ya matetemeko tangu mwaka 1973, kwa hiyo si kweli kwamba Afrika Mashariki haijui. Na tarehe 16 Novemba 2024, lilipoporomoka jengo la biashara la Kariakoo, mjini Dar es Salaam, na kuua watu zaidi ya 20, ardhi haikuwa imetikisika hata kidogo. Jengo lisiloweza kusimama siku ya shwari halina la kutarajia siku ya tufani.

Kwa hiyo nawaomba wote wanaohusika. Wewe unayenunua au kupanga nyumba ya juu, kabla hujauliza bei na mandhari, shuka uitazame ghorofa ya chini, uhesabu nguzo zake, uulize kama kuta za ngazi zimefika msingini, na ukiona duka linapanuliwa kwa kuvunja, piga kelele siku ile ile. Nanyi wenye mamlaka ya miji, mkaguzi aende kuziona ringi kabla ya zege kumwagwa, aweke sahihi yake kwa jina lake. Na leseni ya biashara ya duka lolote lililo chini ya maskani ya watu isitolewe wala isihuishwe mpaka mhandisi aliyesajiliwa athibitishe kwa maandishi kuwa hakuna nguzo wala ukuta wa kubeba uliokatwa ndani yake.